Jesang Ale Ndipo Akimbie

Jesang alikuwa na umri wa miaka ishirini. Aliishi na wazazi wake karibu na Iten, pale juu ambapo ukisimama ukingoni unaliona bonde la Kerio lote. Kila siku aliamka saa kumi na moja alfajiri. Alivaa jaketi, akafunga kamba za viatu, akaenda barabarani kuungana na wenzake. Walikuwa wakimbiaji kumi na wanane. Kocha wao, Yator, aliwafuata kwa pikipiki.

Jesang alipenda kukimbia. Alipenda baridi ya alfajiri na sauti ya viatu vingi kwenye udongo. Aliporudi nyumbani alikamua ng'ombe, akachota maji, akalala kidogo. Jioni alikimbia tena.

Mwezi wa Agosti binamu yake aliolewa. Jesang alikaa harusini siku nne, akala vizuri kama wageni wote. Siku aliyorudi mazoezini alibaki nyuma kidogo.

"Jesang!" Kocha Yator alimwita kutoka kwenye pikipiki. "Leo umebeba gunia la viazi? Hiyo harusi imekukalia vizuri!"

Wenzake walicheka. Jesang naye alicheka. Kocha aliyasahau maneno yake kabla ya kufika nyumbani. Jesang hakuyasahau.

Tangu siku hiyo alianza kupunguza chakula. Alikata kipande kidogo cha ugali, akala na mboga tu. Maziwa aliacha kabisa.

"Ongeza, mwanangu," mama yake, Selina, alimwambia.

"Nimeshiba, mama."

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Alijisikia mwepesi. Aliwapita watu ambao hakuwahi kuwapita. Mbio za nyika za kaunti zilikuwa zifanyike Januari, na sita wa kwanza wangechaguliwa kuingia timu ya kaunti. Jesang aliona jina lake tayari liko kwenye ile orodha.

Mwezi wa Novemba mguu wake wa kushoto ulianza kuuma. Uliuma mbele, kwenye mfupa wa muundi, mahali padogo tu. Alipokimbia kwa muda, maumivu yalipungua. Alinunua vidonge vya maumivu dukani akawa anameza viwili kila alfajiri. Hakumwambia mtu. Desemba ilipofika, mguu uliuma hata akiwa amelala.

Siku moja mama yake alikuwa anafagia chumba cha Jesang. Chini ya kitanda aliona pakiti za sodo. Yeye ndiye aliyezinunua, pakiti moja kila mwezi. Alizihesabu. Zilikuwa tano, na hakuna hata moja iliyofunguliwa.

Selina aliketi kitandani. Jesang aliporudi kutoka kisimani alimkuta hapo hapo.

"Funga mlango," mama alisema. "Niambie ni ya nani."

"Nini, mama?"

"Usinizungushe. Miezi mitano! Ni ya nani hiyo mimba?"

"Mama! Sina mimba! Aki ya Mungu sina."

"Basi damu imeenda wapi?"

Hata Jesang hakujua. Wenzake wengine walisema hedhi ikikatika ni dalili kwamba mazoezi yamekolea. Aliamini hivyo. Tena aliona ni nafuu, maana hakuhitaji tena kufua nguo za ziada.

"Kesho tunaenda zahanati," mama alisema. "Na baba yako anakuja."

Kesho yake walikwenda wote watatu. Mzee Chesire, baba yake Jesang, alitangulia mbele njia nzima. Zahanatini yeye alibaki nje kwenye benchi, kofia mkononi. Muuguzi alimpima Jesang.

"Hana mimba," alisema.

Selina alishusha pumzi. "Asante Yesu."

"Lakini nimemwona anachechemea akiingia. Hebu aonwe na Tabutany."

Tabutany alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Watu wote walimwita daktari, ingawa kila mara aliwaambia yeye si daktari. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye mikono yenye nguvu. Aliupapasa mguu wa Jesang polepole kutoka juu kwenda chini. Alipofika mahali fulani aliweka kidole kimoja, akabonyeza. Jesang alipiga kelele.

"Hapo tu?"

"Hapo tu."

"Na usiku unauma?"

"Unauma. Hata vidonge vya maumivu havisaidii tena."

"Simama. Uruke kwa mguu huo mmoja, mara moja."

Jesang alijaribu. Hakuweza. Machozi yalimtoka kabla hata hajauinua mguu mwingine.

"Basi, kaa chini," Tabutany alisema. "Mama, huyu mfupa wake umeanza kupata ufa. Nitawapa barua mkapige picha hospitali. Lakini ufa mdogo wakati mwingine hauonekani kwenye picha mwanzoni. Hata usipoonekana, hakimbii."

"Nina mbio baada ya wiki tatu!" Jesang alisema.

"Huna."

"Daktari, nimefanya mazoezi mwaka mzima."

"Niambie unakula nini."

Jesang alimtazama mama yake, kisha akatazama chini. Mama ndiye aliyejibu. "Anakula kama ndege. Anakunywa chai, anasema ameshiba."

Tabutany alivuta kiti akakaa karibu na Jesang.

"Sikia, dada yangu. Mfupa si jiwe. Uko hai. Ukikimbia, unachakaa kidogo. Ukila na kulala, unajijenga upya, tena unakuwa na nguvu kuliko jana. Wewe umeuchakaza kila siku, na hujaupa cha kujijengea. Mwili wako umeona chakula hakitoshi, ukaanza kufunga milango. Kwanza umefunga hedhi. Hedhi ikikatika miezi mitatu na huna mimba, hiyo si dalili ya mazoezi mazuri. Unatakiwa uje hapa mbio."

"Wasichana wengi kwa timu yetu wako hivyo," Jesang alisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Na mimi nilikuwa hivyo."

Tabutany alikunja suruali yake. Kwenye muundi wake palikuwa na kovu refu.

"Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilimeza vidonge, nikakimbia. Mfupa ulikatika kilomita ya nane. Watu waliokuwa kando ya barabara walisikia. Sijawahi kushindana tena."

Mama alimshika Jesang mkono.

Baba aliitwa ndani, akaelezwa yote. Alisikiliza, akakuna kichwa.

"Kwani hakuna sindano?"

"Hakuna, mzee. Dawa ni kupumzika na chakula. Wiki nane bila kukimbia, na vile vidonge aache. Ale mara tatu kwa siku, ashibe, na katikati ale kitu kidogo. Maziwa, mayai, maharagwe, omena, mboga za majani. Ugali wa kutosha. Kila wiki mbili arudi nimwone. Na daktari wa hospitali apime damu yake, aangalie pia hiyo hedhi."

"Chakula kiko," baba alisema. "Hilo niachie mimi."

Picha ilionyesha ufa mwembamba kama unywele. Jesang alikaa nyumbani. Alfajiri alisikia wenzake wakipita barabarani, akavuta blanketi usoni akalia. Siku ya mbio za kaunti hakutaka hata kusikia redio. Lakini kila siku baba alimletea yai la kuchemsha, akasimama pale pale mpaka likaisha.

"Baba, mimi si mtoto."

"Kula kwanza, halafu tubishane."

Baada ya mbio, Kocha Yator alikuja kumwona. Selina alimpa chai, kisha akamweleza kila kitu bila kuficha, hata maneno ya gunia la viazi.

"Mama, mimi nilisema kwa mchezo tu," kocha alisema.

"Mchezo wako ulikaa kwenye sahani ya mtoto wangu miezi mitano."

Kocha aliweka kikombe chini.

"Jesang, nisamehe," alisema. "Sikujua neno langu lina uzito huo. Sitatania mwili wa mtu tena. Na huyo Tabutany, nitamwomba aje aongee na timu yote. Nami nitakaa chini nisikilize."

Tabutany alikwenda. Wasichana wanne walimfuata pembeni baada ya mazungumzo.

Mwezi wa Machi, asubuhi moja, Jesang alimkuta mama yake jikoni akamnong'oneza sikioni kwamba amefungua pakiti moja ya sodo. Selina aliacha mwiko ndani ya sufuria, akamkumbatia binti yake, akaimba wimbo wa kanisani hadi uji ukafurika.

Mwezi huo huo Tabutany alimruhusu kuanza tena. Hakumwachia akimbie atakavyo. Jesang alitembea dakika nne, akakimbia moja, mara tano tu, kwenye nyasi. Kesho yake alipumzika. Kila wiki aliongeza kidogo.

"Ukisikia maumivu mahali pale, usijadiliane nayo," Tabutany alimwambia. "Simama, rudi nyumbani. Siku tatu za kupumzika ni bora kuliko miezi mitatu."

Viatu vyake vilikuwa vimelika upande mmoja. Baba alimnunulia vingine. Jesang aliacha kukimbia kwenye lami isipokuwa ilipobidi. Jumapili timu nzima ilipumzika, kwa amri ya kocha. Wengine walilalamika mwanzoni. Kufikia Agosti hakuna aliyelalamika, maana hakuna aliyekuwa nyumbani na mguu uliofungwa bandeji.

Januari ilifika tena. Asubuhi ya mbio Jesang alikunywa uji na kula viazi vitamu. Uwanja ulikuwa na matope. Mzunguko wa mwisho alikuwa wa tisa. Kwenye mlima alihisi miguu yake bado ina nguvu. Alimpita mmoja, kisha wawili pamoja, kisha mwingine karibu na utepe. Akamaliza wa tano.

Kocha alimrukia kwa furaha. Mama alilia. Tabutany alikuwa amesimama kando, mikono mfukoni. Jesang alimwendea akiwa na matope mpaka usoni, akamkumbatia.

"Asante, daktari."

"Mimi si daktari," Tabutany alisema. "Na asante ni kwako. Wengi huwa nawaambia wapumzike, wiki inayofuata nawaona barabarani. Wewe ulinisikia."

Jioni walikula pamoja nyumbani, na Tabutany alikuwa mgeni. Mzee Chesire aliomba kabla ya chakula.

"Mungu, tunakushukuru kwa mguu wa Jesang. Tunakushukuru kwa Tabutany. Tunakushukuru kwa Kocha Yator aliyekubali kosa. Na tunakushukuru kwa mama wa nyumba hii. Alimshuku mtoto wake vibaya, lakini kama asingeshuku, tusingejua."

"Chesire!" Selina alisema, macho bado yamefumbwa. "Hata kwenye maombi?"

Tabutany alicheka wa kwanza. Jesang akafuata, kisha wote wakacheka, na ilibidi baba angoje kidogo ndipo aseme amina.