Mkanda Mfukoni

Fundi saa alifanyia kazi nyumbani, kwenye meza ndogo iliyotazama dirisha. Binti yake wa miaka kumi na mmoja, waliyemwita Kidoti, aliketi sakafuni karibu naye. Kazi ya Kidoti ilikuwa kupanga skrubu ndani ya vifuniko vya chupa, kubwa huku, ndogo kule. Hakukosea hata siku moja.

Saa zote humo ndani zilizimwa kengele. Kidoti alikuwa na usonji, na kelele za ghafla zilimuumiza kwelikweli. Penye msongamano aliziba masikio, akalia, akajipiga kichwani. Watu wasiojua walisema hana adabu. Maneno hayo yalimkaa fundi rohoni. Alikuwa mpole kwa kila mteja, lakini aibu ilimtawala.

Bibi, mama yake fundi, aliishi nao. Siku moja alisema, "Mwanangu, mimi na mjukuu wangu tuna ombi. Tupeleke bustani ya michezo, tukapande lile gurudumu kubwa la viti, linalozungusha watu hewani."

"Mama, kwa umri huo? Ukizirai huko juu je?"

"Nikizirai utanishikia viatu. Wewe tupeleke tu."

"Juu," Kidoti akasema. "Na Bibi."

Wakaenda. Pale getini palikuwa na dirisha la kuwahudumia watu wenye ulemavu. Mhudumu, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliuliza ni kitu gani humsumbua mtoto. Bibi akamweleza. Mhudumu akaandika kwenye kompyuta, kisha akamvalisha Kidoti mkanda wa mpira wa kijani mkononi.

"Huu hauna waya, lakini unawasiliana na mitambo yetu," alisema. "Unamshikia nafasi kwenye foleni ya gurudumu. Nyinyi kaeni pale kivulini penye utulivu. Zamu yake ikifika, mkanda utatetemeka. Huenda ikawa dakika arobaini, huenda..."

"Dada, mimi ni fundi saa," fundi akamkatiza. "Habari za dakika niachie mimi."

Mhudumu akawaonyesha kivuli kilipo.

Hawajafika mbali, mwanamke mmoja akautazama mkanda, kisha akamtazama Kidoti. Labda aliipenda rangi tu. Fundi akahisi uso unawaka. Akamvua Kidoti mkanda, akautia mfuko wa koti. Koti akalivua, akalikunja, akalisukumiza ndani ya kikapu cha Bibi.

"Sasa unamvua wa nini?" Bibi akauliza.

"Mtoto si mzigo wa kubandikwa alama. Dakika arobaini nitazihesabu mwenyewe."

Na kweli alizihesabu. Zilipotimia, wakaenda kwenye lango la gurudumu. Fundi akautoa mkanda, akaugusisha kwenye mashine ya langoni. Taa nyekundu ikawaka.

"Zamu yenu imepita, mzee," mlinzi wa lango alisema. "Leo foleni imekwenda mbio. Mkanda ulitetemeka robo saa iliyopita. Rudini dirishani wawapangie nyingine."

Fundi aliona haya kurudi kwa mhudumu ambaye yeye mwenyewe alimkata kauli. "Tutapanga foleni kama wengine," akasema.

Foleni ilikuwa ndefu. Spika zilipiga muziki juu ya vichwa vyao, na watu walisukumana. Kidoti aliziba masikio. Bibi akamkumbatia, lakini wapi. Mtoto akajitupa chini akipiga mayowe. "Hana adabu huyu," mtu akanong'ona nyuma yao. Mbele walibaki watu sita tu. Ikabidi watoke.

Yule mhudumu aliwaona, akaja mbio, akawapeleka kwenye chumba cha utulivu. Taa zake zilikuwa hafifu. Kidoti alipopoa, mhudumu alisema:

"Baba, mkanda huu si saa. Wenyewe unajua foleni imefika wapi. Ndiyo maana lazima akae nao mwenyewe, ausikie ukitetemeka. Hauonyeshi watu ana tatizo gani. Kama mpira unamkera, tungeufunga kwenye begi lake. Na zamu ikiwapita, mnarudi kwangu tu. Sitawasema."

Fundi alitazama sakafu.

"Leo haiwezekani tena?" Bibi akauliza.

"Gurudumu linafungwa sasa hivi, mama. Njooni siku nyingine. Habari zenu nimezihifadhi."

Bibi hakukasirika. "Tutarudi, mwanangu. Si litakuwepo?"

Gurudumu lilikuwepo. Fundi ndiye aliyepiga danadana. Mara kazi zimemzidi, mara mvua. Ukweli ni kwamba bado alizisikia sauti za ile foleni. Bibi alimkumbusha mara tatu, kisha akaacha kumkumbusha. Baada ya miezi minne aliugua kifua. Wiki haikuisha, akafariki.

Fundi alilia kwa msiba, na alilia kwa majuto. Angeweza kumpeleka siku yoyote.

Asubuhi moja Kidoti alileta viatu vya Bibi, akaviweka juu ya meza ya kazi, katikati ya saa. "Juu," akasema. "Na Bibi."

Fundi akafunga kazi. Wakarudi bustanini. Mhudumu alikuwa yuleyule. Akafungua kompyuta yake.

"Mmeandikwa watatu. Mtoto, baba, bibi. Bibi yuko nyuma?"

"Bibi hatunaye tena," fundi akasema. Mhudumu akaelewa.

"Pole sana, baba."

"Nieleze tena, dada," fundi akasema. "Yote, tangu mwanzo. Leo sikukatizi."

Akaelezwa, akasikiliza hadi mwisho. Kidoti akavaa mkanda wake. Walikaa kivulini, mbali na muziki. Fundi hakutazama saa. Baada ya muda Kidoti aliruka.

"Unatekenya!"

Langoni ikawaka taa ya kijani. Wakapita bila kusukumana na mtu. Walipoingia kwenye kiti kimoja cha lile gurudumu, Kidoti alipapasa nafasi iliyokuwa kando yake. "Bibi hapa," akasema. Fundi akakaa upande wa pili, akaiacha nafasi ile wazi.

Wakapanda. Kidoti alicheka njia nzima, masikio hakuyaziba. Fundi alicheka naye, machozi yakimtoka.

Waliposhuka, aliitazama saa yake kwa mazoea. Mzunguko wote ulichukua dakika nane. Mama yake hakuwa amemwomba zaidi ya hizo.