Unga Usiopenda Maji

Mizani alinunua vyuma chakavu. Watu walimpa jina hilo kwa sababu alinyanyua chuma kwa mkono mmoja na kutaja uzito wake bila kukosea. Alifanya kazi na mdogo wake wa kiume, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili. Huyo naye aliitwa kwa jina la utani: Polepole. Hakugusa kitu kabla ya kukifikiria.

Asubuhi moja waliletewa mtungi mfupi, mzito, wenye valvu juu. Karatasi yake ya maandishi ilikuwa imebanduka.

"Chuma kizuri hiki," Mizani alisema. "Kata kichwa, tuoshe ndani, tuuze."

Polepole aliutikisa. Ndani kulisikika kitu kama mchanga.

"Dada, hatujui kilichomo. Jirani yetu anafanya kazi maabara. Tumngoje jioni tumuulize."

"Ukiuliza kila chuma kilikozaliwa, tutalala njaa. Kweli jina lako linakufaa!"

Wakacheka wote wawili. Polepole akachukua msumeno.

Mtungi ulipofunguka, waliona unga wa kijivu. Harufu kali ikawachoma pua. Mizani mwenyewe alileta ndoo ya maji, akamkabidhi mdogo wake. Polepole akamimina.

Unga ulifoka, kisha ukashika moto. Chembe zikamrukia usoni.

"Macho yangu! Dada, maji! Nipe maji!"

Pipa la maji lilikuwa hatua tatu tu. Lakini Mizani alikuwa ameona jinsi maji yalivyouwasha ule unga. Aliogopa.

"Hapana! Maji yatakuunguza!"

Alivua kitambaa chake cha kichwa, akamfuta, akamfuta tena. Kisha akamkimbiza hospitali. Walipofika, karibu saa nzima ilikuwa imepita. Daktari aliyaosha macho yale kwa muda mrefu sana. Jicho la kulia lilipona. La kushoto halikuona tena.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ya Mizani hayakungoja. Yalikuja siku ileile, yakakaa kitako.

Jirani, yule mama wa maabara, alikuja kuwajulia hali. Aliposikia habari ya mtungi, alishika kichwa.

"Huo ni unga wa kuhifadhi haidrojeni," alisema. "Haidrojeni ni gesi nyepesi sana. Inaweza kuendesha injini au kutoa umeme. Lakini kuibana ndani ya mtungi mtupu ni kazi kubwa. Kwa hiyo tunaihifadhi ndani ya unga."

"Gesi inakaaje ndani ya unga?" Polepole aliuliza. Bendeji ilikuwa bado usoni.

"Unga ule ni aina mbili zilizochanganywa. Zote zina lithiamu, ile ya betri za simu. Moja ni kemikali iitwayo amidi, nyingine ni haidridi. Haidrojeni imeshikamana nazo. Ukizipasha joto, kupita la maji yanayochemka, zinaiachia. Ukiisukuma gesi irudi ndani, zinaishika tena."

"Mbona aina mbili? Moja haitoshi?"

"Amidi ikipashwa joto peke yake hutoa amonia, ile gesi ya harufu kali. Haidridi ikiwa karibu, inaidaka ile amonia, na kinachotoka ni haidrojeni. Zinafanya kazi kwa kushirikiana."

"Na maji?" Mizani aliuliza kwa sauti ndogo.

"Maji na unga huu haviivi chungu kimoja. Haidridi ikilowa, huachia haidrojeni yote kwa pupa, pamoja na joto kali. Ndiyo maana ikawaka. Amidi nayo hutoa amonia. Kinachobaki kinachoma kama dawa ya kuzibulia mabomba."

"Basi nilifanya vizuri kumnyima maji?"

Jirani aliinamisha kichwa. Angependa kusema ndiyo.

"Hapana, dada yangu. Unga ukiwa chini, usiumwagie maji kabisa. Ukiwaka, kaeni mbali; mchanga mkavu ndio wa kuuzimia. Lakini ukiingia jichoni, ni maji mengi yanayotiririka, papo hapo, nusu saa bila kuacha. Chembe chache hazishindi maji mengi. Na sisi wa maabara tulikosa pia. Mtungi ule haukupaswa kutoka kwetu bila kusafishwa."

Mizani alilia. Polepole alinyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaupata wa dada yake.

"Hukujua," alisema.

"Wewe pia hukujua. Lakini ulitaka kuuliza."

Polepole hakuuondoa mkono wake.

Polepole aliporudi kazini, walitundika bomba la maji safi karibu na lango, kwa ajili ya macho. Walinunua miwani ya kazi. Waliweka sheria: mtungi usiojulikana haukatwi, haupashwi moto, hauoshwi. Jirani aliwaachia namba ya simu ya maabara.

Mwezi wa tatu tangu ajali, mkusanya vyuma alileta mtungi mwingine wa aina ile. Alikuwa na haraka.

"Mama, pima tu, nikate mwenyewe."

"Weka chini taratibu," Mizani alisema. "Rudi nyuma." Akapiga simu.

Watu wa maabara walikuja na gari. Jirani aliupima mtungi, akageuka.

"Huu umejaa haidrojeni," alisema. "Mngeukata, leo tungekuwa tunazungumza mengine."

Gari lilipoondoka, Polepole aligeuza shingo yote kumtafuta dada yake. Mizani alikuwa amesimama upande wa kushoto. Alizunguka haraka, akaja kusimama upande wa kulia, mahali anapoonekana.