Jina Chini ya Picha

Penseli ilikuwa na joto. Kanyiva aliishika asubuhi hiyo kabla jua halijachomoza, akaiachia, akaishika tena. Ilikuwa imelala juu ya daftari usiku kucha katika nyumba ya mabati isiyo na moto, na huku Kalamba mwezi wa saba asubuhi ni baridi ya kuuma vidole. Lakini ilikuwa na joto, kama kijiko ambacho mtu amekiweka chini sasa hivi. Alijiambia ni mikono yake tu. Mimba ilikuwa ya miezi saba, na mwenye mimba hudhani mengi.

Kabla hujamcheka, sikiliza alikotoka.

Mwaka mmoja nyuma Kanyiva alijifungua msichana aliyeishi siku mbili. Ukambani mtoto hupewa jina siku ya tatu. Kabla ya hapo, wazee husema, bado hajawa wa watu. Ni wa aimu, roho za upande ule, nao wanaweza kumdai saa yoyote. Basi mtoto yule hakupata jina wala matanga. Mumewe, Mwangangi, alichimba shimo dogo kando ya ua wa mkonge nyuma ya nyumba, akamfukia, akaenda kuosha jembe. Wanawake wa kanisa walikuja, wakaimba wimbo mmoja, wakamwambia Kanyiva asilie sana, Mungu atampa mwingine. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kanyiva aliumeza ukakaa palepale kifuani.

Mimba ya pili ilipoingia usingizi ukatoka. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na yeye alishtuka kila mtoto alipocheza tumboni na kila alipotulia. Ndipo Yvonne, mshauri aliyekuwa akija zahanati kila Jumatano kuzungumza na akina mama, akampa daftari na penseli.

"Kila asubuhi, Kanyiva, kabla hata ya chai. Kaa chini, pumua pole pole mara tatu, funga macho, uache mkono ichore vile inataka. Usifikirie sana. Hakuna kukosea. Ukimaliza jiulize, leo moyo yangu inasema nini? Unaandika maneno kidogo hapo chini, basi."

"Na kama mkono haitaki kuchora?"

"Itataka tu."

Na kweli isemwe, dawa ile ilifanya kazi. Wiki za kwanza mkono ulichora mistari, mawimbi, duara moja dogo lililojirudia kila ukurasa. Chini yake Kanyiva aliandika, "Nimechoka," au "Leo nimeona jua." Alianza kula. Alianza kulala. Mama mkwe wake, ambaye Kanyiva alimwita Mwaitu, mama yangu, alimwona akicheka na kuku uani, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Mwezi wa pili wa kuchora, duara likapata mgongo. Kanyiva alifumbua macho akaona ua wa mkonge, majani yake makali yamechorwa moja moja, na mbele yake mtoto mdogo amempa mgongo. Kesho yake mtoto alikuwa mkubwa kidogo. Keshokutwa, zaidi. Hakugeuka hata mara moja, lakini kila siku alizidi kuwa mkubwa kwenye ukurasa, kama mtu anayekuja kinyumenyume.

Mtu mwingine angeichoma karatasi ile. Kanyiva alifurahi. Alifurahi hadi machozi yakalowesha meza, maana mwaka mzima hakuna aliyemruhusu kusema kwamba alikuwa na mtoto, na sasa mtoto ndiye huyo. Siku hiyo alipojiuliza moyo unasema nini, moyo ulisema jina.

Jina lilijulikana. Msichana wa kwanza wa nyumba huchukua jina la mama yake baba, na mama yake Mwangangi ni Syokau. Kanyiva hakuwahi kulitamka jina hilo tangu aolewe. Heshima haimruhusu mke wa mtoto kumwita mama mkwe kwa jina lake. Lakini kuandika, aliona, si kutamka. Akaandika chini ya picha, herufi kubwa, polepole: SYOKAU.

Asubuhi iliyofuata ndiyo penseli ilikuwa na joto. Na daftari lilipofunguliwa, picha ya siku hiyo ilikuwa imeshachorwa.

Hakumwambia mtu. Nani angeelewa? Harufu ilianza jikoni, maziwa yaliyochacha pamoja na udongo uliolowa, na mvua haikuwa imenyesha Makueni tangu mwezi wa tano. Siku moja Mwaitu, ambaye hufagia uani alfajiri na kurudi tena saa nne, alisimama na ufagio mkononi.

"Kanyiva. Kuna mtoto ya nani amepita hapa?"

Nyayo zilikuwa ndogo, wazi kabisa kwenye mchanga uliofagiwa. Zilianzia kwenye ua wa mkonge na kuishia mlangoni mwao. Lakini vidole vyote vilielekea mkongeni.

"Labda ni wa jirani, Mwaitu," Kanyiva alisema, na sauti yake mwenyewe ikamwogopesha.

Aliacha kuchora. Alilifungia daftari sandukuni, akaiweka Biblia juu yake. Mkono haukuacha. Alipopepeta ndengu, alikuta kidole kimechora duara kwenye vumbi la ungo. Alipofua, kilichora kwenye povu. Na mchana mmoja wa jua kali, alipokuwa amekaa peke yake kitandani akijipaka mafuta tumboni, mlango wazi, kuku wakilia nje na redio ya jirani ikisoma matangazo ya vifo, alitazama chini akaona mkono wake mwenyewe umechora kwa mafuta, juu ya ngozi iliyovutika, mgongo wa mtoto na kisogo chake, mkubwa kuliko siku zote, na mtoto wa ndani akajisukuma akaenda upande mmoja wa tumbo, akajikunja huko, mbali na picha, akakaa hivyo hadi jioni.

Alijifungua salama, msichana. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, wanawake walijaa sebuleni na chai na viazi vitamu. Mwaitu alivaa kitambaa chake cha kanisa. Alimpokea mtoto kwa mikono miwili, akamwinua mbele ya watu, na uso wake, jamani, ulikuwa uso wa mtu aliyengoja mwaka mzima.

"Wewe ni Syokau," alisema.

"Eee," ikaitika sauti chumbani.

Ilikuwa sauti ndogo, ya mtoto anayeanza kusema, na ilitoka kwenye mlango wa chumba ambamo hapakuwa na mtu. Kikombe kikaanguka. Mwaitu alidhani masikio yake yamezeeka, akarudia kwa nguvu zaidi, "Syokau!" na sauti ikaitika tena, "Eee," ila safari hii ilikuwa hapa, nyuma ya kiti cha Kanyiva, pamoja na harufu ile ya maziwa, na katika mikono ya bibi yake mtoto mchanga aliacha kuvuta pumzi, midomo ikageuka rangi, miguu ikalegea na kuanza kupoa huku watu wote wakimtazama.

Wanawake walitoka wakikanyagana. Mwangangi alipiga magoti akaanza kuomba, akasahau maneno.

"Mwaitu, ni mimi," Kanyiva alinong'ona. "Ni mimi nimefanya." Alikimbia sandukuni akaleta daftari, akalifungua kwenye jina.

Mwaitu alisoma.

"Uliandikia yule wa mkonge jina yangu."

"Nilikuwa namkumbuka tu. Sikujua."

"Ukimpa mtu jina, amekuwa mtu. Hata yule." Akamgeukia mtoto aliyelegea, na sasa alisema haraka. "Basi huyu si wa kwanza. Tumekosea kuhesabu. Huyu ni wa pili, na wa pili huchukua jina ya mama yako. Anaitwa nani mama yako, Kanyiva? Sema!"

"Mumbua."

"Mumbua!" Mwaitu alimpulizia usoni. "Wewe ni Mumbua. Mumbua!"

Alimpulizia tena, na tena. Kisha mtoto akakohoa, akalia, na Kanyiva akamnyakua akamshikiza kifuani akilia kumshinda.

Ndipo wakasikia kilio cha pili. Kilikuwa chini, sakafuni, karibu na miguu ya Mwaitu, cha mtoto anayetaka kubebwa.

"Mwaitu, tuite wazee wa kanisa," Mwangangi alisema. "Tuite mtu yeyote."

"Kumwambia nini? Afukuze mjukuu yangu?" Mwaitu aliogopa pia, hakuna aliyemwona siku hiyo anayeweza kubisha. "Amekaa huko nje mwaka mzima bila jina, na sisi tunapita hapo tukienda kulima. Sasa ako na jina, anataka mgongo. Akikosa yangu atachukua ya Kanyiva, na Mumbua ataenda wapi?"

Alivua leso kiunoni. Aliinama kama mtu anayemwinua mtoto, akaweka daftari mgongoni, akafunga. Leso ilikaza. Sote tumeona daftari la kurasa sitini na nne, halina uzito. Leso ile ilivutika chini kama iliyobeba mtoto wa mwaka mmoja, na ndani yake kilio kikanyamaza. "Haya, Syokau," mama mkwe alisema, "twende." Akatoka kwenye jua kali akishika njia ya mkonge, na kuku wakampisha.

Walimkuta ameketi pale kando ya shimo dogo, amekufa, mikono nyuma, ile namna bibi hushikilia mtoto aliyelala. Hawakuthubutu kufungua leso. Walimzika nayo.

Sasa Mumbua ana miezi saba, ni mnene, anacheka na kila mtu. Yvonne humsifu Kanyiva mbele ya akina mama wengine zahanati: tazameni huyu, tangu ajifungue hajakosa kuchora hata asubuhi moja. Kanyiva hutabasamu. Hawezi kuwaambia kwamba anatamani kuacha na hathubutu.

Kila alfajiri hupumua mara tatu, hufunga macho, na mkono huchora, kwenye daftari jipya alilopewa na Yvonne, mwanamke mzee aliyebeba mtoto, amempa mgongo, anakwenda. Siku za mwanzo walijaza ukurasa. Kisha wakawa kama kidole, kisha kama punje ya hindi. Juzi walikuwa wadogo kiasi kwamba alichukua ndengu moja jikoni akaiweka juu yao, ikawafunika wote, na Kanyiva akalala mchana huo kwa mara ya kwanza bila kushika mguu wa mtoto. Aliihifadhi ndengu ile kwenye kifuniko cha chupa. Jana pia iliwafunika.

Leo asubuhi aliiweka tena, na chini yake miguu ilichomoza, na vidole vilielekea kwake.

Alienda kumwamsha Mumbua, akambeba mgongoni, akakaza leso mafundo mawili.