Darubini na Jiwe Jeusi

Asubuhi kijiji cha Nainokanoka huamka ndani ya ukungu. Kakenya alikamua ng'ombe huku uso umeelekea bondeni, kwenye chemchemi.

"Baba Eunike, usishuke bado."

"Ng'ombe hawanywi maneno, mama," alijibu Kimaren, mumewe, akichukua fimbo.

Msimu wa mvua uliopita, mdogo wake Kimaren alishuka huko. Aliona kitu cheusi ukunguni. "Lile ni jiwe," aliwaambia wenzake. Kumbe nyati, naye hakurudi hai. Tangu siku ile jina lake halitajwi bomani, maana kwa mila yao la marehemu halitajwi. Lakini hofu haina mwiko. Iliingia kila asubuhi bila hodi.

Ndiyo maana waliuza mbuzi, Kimaren akanunua darubini ya jicho moja mnadani Karatu. Iliandikwa kwamba inavuta mara mia.

"Hii itaona hata nzi mkiani mwa nyati!" alijigamba.

Kakenya aliiweka jichoni. Aliona kijivu kinachotetemeka. Jiwe au nyati? Hakujua.

Jirani yao Sabina, mzaliwa wa Qurus kule Karatu anayeongoza wageni kutazama ndege, alikuja kuchukua maziwa. Aliigeuza darubini ile akacheka.

"Baba Eunike, umenunua namba."

"Kwani mia si kubwa kuliko ishirini ya darubini yako?"

"Ukivuta sana, unavuta na ukungu, unavuta na mtetemo wa mkono. Na kioo cha mbele kidogo kama kifungo! Mwanga upite wapi?"

"Basi tuuze boma, tununue ya watalii?"

"Hapana. Tafuta iliyotumika. Kioo cha mbele kiwe kipana kama mdomo wa kikombe. Kuvuta mara ishirini kunatosha. Iwe na stendi ya miguu mitatu. Usiijaribu mchana dukani. Toka nayo nje jioni, usome kibao cha mbali. Usiielekeze kwenye jua, utapofuka. Na ukungu ukiwa mzito, hakuna darubini inayoupenya. Subirini."

Kimaren alirudi Karatu. Alizikataa mbili, akaja na moja iliyochubuka rangi.

"Imechubuka kama punda wa kubeba maji," Kakenya alisema.

"Mgongo tu. Jicho lake zima."

Kesho yake ukungu ulikuwa mwepesi. Kakenya alisimamisha miguu mitatu langoni. Aliona majani, maji, na kitu cheusi.

Kimaren alikwisha kufungua lango. Alichungulia kwa macho yake matupu. "Lile ni jiwe," alisema.

Maneno yale yale. Kakenya hakubandua jicho kwenye darubini.

Jiwe likatikisa sikio.

"Funga lango! Funga, Baba Eunike!"

Ng'ombe walilalamika kwa kiu. Watu walingoja. Jua lilipofukuza ukungu, nyati dume aliinuka, akajikokota kuingia msituni. Kakenya alilipitia bonde lote tena kwa darubini, polepole, ndipo akatikisa kichwa kukubali.

Ng'ombe walikunywa wakiwa wamechelewa. Jioni walirudi wote, na Kimaren nyuma yao.

Kakenya alipangusa kioo kwa kitambaa laini. Jina la shemeji yake likamfika ulimini. Hakulitaja. Akaweka darubini karibu na mlango, ili ishikwe kwanza asubuhi.