Mama Nice Anajaribu Kifaa cha Kusomea

Kaanaeli alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi huko Nkoaranga, kijiji cha mlimani. Majirani walimwita Mama Nice, kwa jina la binti yake. Kila jioni, kazi zikiisha, aliketi kwenye benchi nje ya jiko akasoma kitabu kwa sauti. Mumewe, Elihuruma, alikaa karibu akikatakata mgomba wa kulisha ng'ombe, huku akisikiliza.

Kaanaeli hakwenda shule utotoni. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la jioni kanisani. Labda ndiyo sababu alivipenda vitabu kuliko walivyovipenda watu waliovizoea tangu utotoni.

Lakini mwaka huo herufi zilianza kumsumbua. Zilisogeleana na kupandana kama siafu. Jioni moja aliruka mstari, kisha akaruka mwingine. Mwishowe akaanza kujitungia maneno.

Elihuruma akaweka panga chini.

"Mama Nice, huyo mjomba wa kwenye hadithi si alikufa juzi? Leo amefufuka?"

Kaanaeli alicheka, mara machozi yakamtoka.

"Sioni, Baba Nice. Nilikuwa natunga tu."

Nice aliishi mjini, Engutoto, na alikuwa na biashara ya vitambaa sokoni Kwa Mrombo. Alipopata habari, alipanda nyumbani akampeleka mama yake hospitalini. Daktari wa macho alimpima vizuri.

"Sehemu ya katikati ya jicho imeanza kuchoka," alisema. "Miwani itakusaidia, ila haitamaliza tatizo lote. Tafuta maandishi makubwa. Na usiache kurudi kupimwa."

Walizunguka maduka ya vitabu. Vitabu vya Kiswahili vyenye herufi kubwa walivyovipata vilikuwa vya watoto wadogo tu.

Siku chache baadaye Nice alipiga simu. Sauti yake ilijaa furaha.

"Mama, nimeona dukani kifaa cha kusomea vitabu! Ni kama daftari jembamba lenye kioo. Kinabeba vitabu vingi sana, na herufi unazikuza unavyotaka. Bei yake ni nafuu. Nikinunue kesho?"

Kaanaeli alipiga hesabu. Hela iliyokuwepo ilikuwa ya kahawa, na walikuwa wameiweka kwa ajili ya paa la jiko.

"Kisiponifaa, tutakosa paa na tutakosa kitabu," alisema. "Hakuna mtu anayekijua kifaa hicho, tumuulize kwanza?"

Nice alimkumbuka jirani yake, Naisiae, ambaye alifanya kazi katika maktaba ndogo ya parokia. Mara nyingi alimwona akisoma kwenye kifaa cha namna hiyo. Jumamosi iliyofuata Kaanaeli alishuka mjini.

"Shikamoo, mama," Naisiae alimwamkia, akampa kiti na kikombe cha chai.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja unifundishe."

Naisiae akaleta kifaa chake. Pembe moja ilikuwa imekwaruzika.

"Nilikinunua kwa bei ya chini," alisema. "Hakina rangi. Hakichezi video. Ukigusa ili kufungua ukurasa, kinafikiria kwanza."

"Sasa mbona unakipenda?"

"Kwa sababu kazi ninayoitaka kinaifanya. Mama, tusiulize kama kifaa ni kizuri. Tuulize kama kinakufaa wewe. Wewe unataka kikufanyie nini?"

Kaanaeli hakuhitaji kufikiri. "Nataka kusoma kwa sauti, nje ya jiko, bila macho kuuma."

"Basi tutoke nje."

Jua lilikuwa kali uani. Naisiae aliomba simu ya Nice, akafungua maandishi. Kaanaeli alipoitazama, aliona mawingu na uso wake mwenyewe. Kisha akapewa kile kifaa. Kioo chake hakikung'aa. Kilikuwa kama karatasi. Naisiae akakuza herufi, akazikuza tena. Maneno hayakutoka nje ya ukurasa. Yalijipanga upya, yakashuka mstari wa chini.

Kaanaeli alivaa miwani yake. Alisoma ukurasa mzima kwa sauti, bila kuruka neno.

"Jamani!" alisema.

Nice alikuwa tayari kwenda dukani saa ile ile. "Tukanunue sasa hivi!"

"Subiri kwanza," Naisiae alisema. "Vitabu mtavipata wapi? Watu wengi hukosea hapo. Hununua kifaa, halafu hawapati cha kusoma. Vya Kiswahili vipo, lakini si vingi kama vya Kiingereza. Vingine wachapishaji huvitoa bure, vingine huuzwa. Vya wizi msichukue, mwandishi naye ana watoto."

"Na intaneti je?" Kaanaeli aliuliza. "Kule kwetu inakuja na kuondoka."

"Unaihitaji wakati wa kuingiza kitabu tu. Nice anaweza kukuwekea vitabu ukija mjini. Halafu angalieni kitabu chenyewe. Vingine ni picha za kurasa. Ukikuza herufi, mstari unatoka nje ya kioo, na unausaka huku na huku. Hivyo vitakuchosha."

Kisha Naisiae akafanya jambo ambalo Kaanaeli hakulitarajia. Alikifunga kifaa katika kitambaa, akamkabidhi.

"Kaa nacho wiki hii. Kisome pale pale unaposomea siku zote."

"Kikivunjika je, mwanangu?"

"Tutakuwa tumejua kwamba kinavunjika."

Wiki ile ilimfundisha Kaanaeli mengi. Hakukichaji hata mara moja. Mikono haikuchoka, kwa kuwa kilikuwa chepesi kuliko kitabu kinene. Lakini jioni ya kwanza tu, giza lilipoingia, maneno yalipotea. Kifaa kile hakikuwa na taa.

"Hapo ndipo hadithi inaponoga!" Elihuruma alilalamika.

"Basi tumejua," Kaanaeli alijibu. "Chetu lazima kiwe na taa yake."

Wiki ilipoisha, Kaanaeli na Nice walikwenda dukani. Muuzaji aliyeitwa Sakaya aliwatolea kile ambacho Nice alikuwa amekitamani. Kilimetameta.

"Naomba nikitoe nje," Kaanaeli alisema.

"Mama, unataka kukianika?" Sakaya alitania.

"Nataka kukisoma juani."

Nje, Kaanaeli aliona kilemba chake tu kwenye kioo. Sakaya naye alichungulia, akakubali.

"Kweli, mama. Hiki ni kishikwambi kidogo. Wengi wanakitaka kwa video. Kwa kusoma tu, ngoja nikuonyeshe kingine."

Akaleta kifaa cheusi, cha kawaida, cha toleo la zamani kidogo. Hakikuwa na rangi, lakini kilikuwa na taa, na waya wake wa chaji ulikuwa kama wa simu ya Nice. Nice akaingiza kitabu cha Kiswahili hapo hapo, wakakijaribu juani, kisha nyuma ya duka penye giza. Kilikuwa cha polepole, na maelekezo yake yalikuwa ya Kiingereza. Kaanaeli aliyakubali hayo mawili. Aliomba risiti na dhamana, akalipa. Kilikuwa cha bei ya chini kuliko kile cha kumetameta, na hela iliyobaki ilitosha kuanza paa.

Siku hiyo hiyo alimrudishia Naisiae kifaa chake, pamoja na mkungu wa ndizi na maparachichi.

"Asante, mwanangu. Umenirudishia jioni zangu. Mungu akuzidishie."

"Mimi nilikuazima tu, mama. Aliyejaribu ni wewe."

Jioni zikarudi. Kaanaeli alisoma mpaka usingizi ulipomshinda, taa ya kifaa ikimwangazia. Siku moja Elihuruma alinawa mikono, akaifuta vizuri, akakaa kwenye benchi.

"Hizo herufi zinaweza kuwa kubwa zaidi?" aliuliza.

Kaanaeli alizikuza mpaka mwisho. Yakabaki maneno machache tu kwenye kioo. Kwa miaka yote Elihuruma, aliyezijua herufi chache tu, alikuwa amekataa darasa la watu wazima, akisema amezeeka. Sasa alinyoosha kidole kigumu cha mkulima, akagusa neno la kwanza. Maandishi yote yakabadilika.

"Nimekiharibu!" aliruka.

"Hapana, Baba Nice. Umefungua ukurasa."

Aliurudisha ukurasa wa kwanza taratibu. Elihuruma alikunja uso, akasogeza midomo.

"Ma... ji," alisema. Akamtazama mkewe. "Maji?"

Kaanaeli alimshukuru Mungu kimoyomoyo, akamsogelea.

"Maji," alisema. "Endelea."