Vumbi Jekundu la Mzee Yasokichi

Msumeno ulitoa sauti ambayo Fusae hakuwahi kuisikia kwa miaka yake yote ya kutengeneza mipini ya visu pale mjini Sakai. Ulilia kama mtu aliyefinywa.

"Zima, baba! Zima!"

Mumewe, Mzee Yasokichi, akazima. Katikati ya gogo jekundu, pasipo na ufa wala tundu, palikuwa na msumari mrefu kama kiganja. Mbao iliyouzunguka ilikuwa nyeusi tii, na kichwani pa msumari pamenasa kipande cha bua la mpunga.

"Mti wa hekaluni huu," Fusae akanong'ona. Nani asiyejua mwanamke aliyeachwa hufanya nini na sanamu ya mabua, nyundo na mti wa hekalu, akitaka aliyemwacha afe? "Kuna mtu alimpigilia mwenziwe laana humu."

"Kampigilia zamani, mti umeshameza. Tufani imeuangusha, mimi nimeununua. Kosa langu liko wapi?"

"Rudi kwenye mti wako mweupe. Hautelezi mkono ukiwa na maji, na vumbi lake halijamuua mtu."

"Wapishi wa leo wanataka mwekundu, bibi wee. Mweupe wanauita mpini wa mkwe, wa kizamani."

"Basi vaa barakoa, uwashe feni ya vumbi. Mti huu, ichii, ni sumu hadi mbegu."

"Nifungwe mdomo kama ng'ombe wa kulima? Mti nitaujuaje?"

Akafanya kama alivyofanya marehemu baba yake kwa kila mti mgeni: akalowesha kidole kwa mate, akakichovya kwenye vumbi, akalamba.

"Mchungu," akacheka. "Tena una hasira."

Hapo hapo karakana ikanuka nywele zinazoungua. Pembe ya nyati hunuka hivyo ikipigwa msasa, lakini pete za pembe za kuvika mipini zilikuwa kapuni, hazijaguswa.

Kesho yake kikohozi kikaanza. Siku ya tatu daktari akampa mtungi wa hewa, akasema mapafu yamevimba. Na vumbi lile, Fusae alilifagia, akalipangusa kwa kitambaa kibichi, akalimwaga nje, lakini jua la mchana lilipopenya dirishani akaliona limerudi, halitui chini kama mavumbi mengine bali limesimama wima kando ya godoro la mzee, jekundu, lenye mabega, lenye nywele ndefu zilizofika sakafuni, na kila mzee alipovuta pumzi nalo lilisogea, likimwinamia kama mtu anayetaka kunong'ona siri.

Kikohozi kilipotulia, sauti ya mwanamke ikatoka kinywani mwa mzee.

"Yuko wapi?"

"Nani?" Fusae akauliza.

"Nimemsahau. Nitamchukua yeyote."

Fusae akamwita Bibi Sawano, mganga wa mji wa Kishiwada. Mganga alinusa mlangoni, akaingia ndani hajavua viatu. Kuona viatu vile juu ya mikeka, Fusae akajua hali ni mbaya.

"Mliumwagia pombe ya sake na chumvi kabla ya kuukata?"

"Hapana, mama."

"Ehe! Mmeupasua kama figili ya mboga. Na nani kauonja?"

Fusae akaelekeza kidevu kwa mumewe.

"Wanaume na ndimi zao! Haya, mipini yote mliyochonga humo, maranda yote, tia jikoni yaungue. Nitaitoa. Lakini sikiliza: hii ni chuki ya mwanamke. Ikitoka kwa mzee itatafuta kifua cha mwanamke mwenzie, maana ndiko kwao. Barakoa isikutoke usoni, hata ukimwona anakufa."

Moto ukawaka, wanawake wote wawili barakoa usoni, mganga akapiga kengele yake akisoma maneno yake, na kwa kila mlio vumbi lilichomoka kinywani mwa mzee kama uzi unaovutwa, likarefuka, likazunguka chumba, lakini mwisho wa uzi ulikuwa umejifunga huko ndani kabisa, haukutaka kuachia, nayo midomo ya Yasokichi ikawa ya samawati, kisha kijivu, kifua kikaacha kupanda, macho yakamtafuta mkewe na kumpata.

"Inatoka! Ngoja!" mganga akapiga kelele. "Ngoja!"

Fusae hakungoja. Akashusha barakoa, akafungua kinywa, akavuta pumzi ndefu.

Vumbi lote likamwingia, chumba kikawa cheupe. Mzee akakohoa, akalia kama mtoto mchanga.

Bibi Sawano akaishusha kengele. "Umefanya nini, mwanangu?"

"Nimemeza mate tu."

Mganga akarudi nyuma kinyumenyume hadi mlangoni, asimpe mgongo.

Baada ya wiki mbili Yasokichi alikuwa kibarazani, barakoa usoni, feni inanguruma, akisugua mpini mweupe. "Mama! Chai jamani, au mpaka niugue tena?"

Fusae akaileta, akasimama nyuma yake. Shingo ile alikuwa ameikanda na kuikinga na baridi tangu usichana wake. Aliitazama, akastaajabu jinsi anavyoichukia.

Mzee akageuka. "Mbona unanitazama hivyo?"

"Nakuangalia tu, baba," akasema, akaificha mikono chini ya aproni, maana vidole vilikuwa vimeanza kujikunja kwa hamu ya shingo ile.