Tiki Tano za Chiriku

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Chiriku huanzia chumba cha mbele, kwenye cherehani ya babu yake. Humwamkia, humtungia uzi kwenye sindano, kisha humsimulia yote yaliyotokea darasani, na mengine ambayo hayakutokea. Jina hilo la utani alipewa na babu mwenyewe, maana mtoto yule kunyamaza alikuwa hajui. Babu ana miaka sabini na minane, na mtaa mzima humwita Fundi. Magoti yake yamechakaa kwa kukanyaga cherehani.

Mwezi mmoja nyuma, daktari alikuwa ameona uvimbe tumboni mwa Fundi. Kumpasua tumbo mzee wa umri ule ingekuwa kazi nzito, kwa hiyo uvimbe ungetolewa kwa njia ya mdomo. Daktari angepitisha mpira mwembamba wenye kamera na kisu kidogo kwenye ncha yake, Fundi akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Lakini kwa siku saba kabla ya hapo alitakiwa asimeze vidonge vyake vya maumivu ya magoti, kwa sababu vinazuia damu kuganda. Akivimeza, kidonda kingeweza kuvuja damu hadi kuhatarisha maisha yake.

Shangazi, anayeishi nao, alichora visanduku saba kwenye karatasi.

"Wewe ndiye askari wetu," alimwambia Chiriku. "Kila jioni muulize Babu kama amemeza. Kama hajameza, weka tiki. Mimi nikitoka kazini sina nguvu ya kubishana naye."

Siku mbili za kwanza askari alifanya kazi yake. Siku ya tatu yakaanza mazoezi ya netiboli, akarudi hoi, akala, akalala. Siku zilizofuata zikawa hivyo hivyo. Jioni ya saba Shangazi aliita kutoka jikoni, "Ile karatasi iko tayari?" Karatasi ilikuwa na tiki mbili tu. Chiriku alichukua kalamu, akaweka nyingine tano chapuchapu. Babu ni mtu mzima, alijiambia, akikatazwa anasikia.

Asubuhi, hospitalini, Fundi alivalishwa gauni la kijani lililo wazi mgongoni. Aliligeuza pindo, akalikagua. "Fundi wa hili alikimbia kabla ya kumaliza kazi," alisema, na nesi akacheka. Shangazi alikuwa ameenda dirisha la mapokezi kumwandikisha. Nesi akaisoma ile karatasi.

"Laiti kila mgonjwa angekuwa na mjukuu kama huyu," alisema, kisha akaenda kutandika kitanda.

Sifa zile zilimchoma Chiriku. Alimsogelea babu yake. "Babu, hukumeza hata kimoja?"

Fundi alitazama mlango kwanza. "Vitatu tu, juzi na jana. Nilikuwa na sare za watu za kumaliza, na goti likagoma kabisa. Usinichongee, mjukuu wangu. Tumesubiri mwezi mzima, na shangazi yako ameomba ruhusa kazini."

Chiriku aliwaza. Akisema, Babu atarudishwa nyumbani na uvimbe wake, na yeye atajulikana kuwa mwongo. Asiposema, Babu ataingia chumba cha upasuaji, na damu je? Alimpenda sana mzee huyu. Nesi aliporudi, Chiriku alisimama.

"Nesi, usiiamini hiyo karatasi. Tiki tano niliziweka bila kumuuliza. Na Babu amemeza vidonge vitatu, juzi na jana."

Daktari aliitwa. Alikuwa mama mfupi, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Fundi alikiri huku akitazama miguu yake.

"Mzee wangu, mbona hukuniambia kwamba maumivu yamekuzidi?" daktari aliuliza. "Ipo dawa nyingine isiyogusa damu, nitakupa. Lakini leo haiwezekani, tunaanza kuhesabu upya. Uvimbe huu hauendi mbio, wiki moja utangoja. Damu ndiyo haingoji."

Nyumbani Shangazi alichora visanduku saba vipya, akamkabidhi Chiriku kalamu.

Wiki ile alimuuliza Babu kila jioni kabla hata ya kuvua viatu. Siku ya saba ilipotimia, walirudi hospitalini, na safari hii Fundi akaingizwa ndani. Walikaa kwenye benchi kwa muda wa karibu saa mbili. Daktari alipotoka, alikuja moja kwa moja kwa Chiriku.

"Uvimbe tumeutoa wote. Damu ilitoka kidogo nikaiziba. Wiki iliyopita sijui kama ningeweza kuiziba. Mle tumboni ninaona kwa kamera, binti yangu, lakini nyumbani kwenu nina karatasi tu. Anayeandika uongo kwenye karatasi ya mgonjwa ananifumba macho. Ulikosea, kisha ukasema ukweli kabla hatujaanza, na ndiyo maana babu yako yuko hai."

Shangazi alimshika Chiriku mkono, wakaingia pamoja. Fundi alikuwa amefumbua macho, sauti yake ikiwa nzito kwa usingizi.

"Nilikuomba unifichie," alisema polepole. "Lilikuwa kosa langu mimi mtu mzima. Siku nyingine nikikuomba hivyo, nikatalie."

"Nitakukatalia, Babu," Chiriku alisema, na hapo ndipo alipolia.